Mfanyabiashara mkubwa katika biashara ya masafa marefu: alikuwa nani hasa?

Katika historia ya Afrika kabla ya ukoloni, mfanyabiashara mkubwa ni yule aliyeweza kuandaa msafara, kuugharimia na kuulinda kwa safari ya miezi mingi kati ya bara na pwani. Tusimchanganye na mchuuzi wa kawaida. Wauzaji wa chumvi, majembe na nafaka walikuwa wengi kila mahali, lakini wenye uwezo wa kupeleka mamia ya watu hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na kuwarudisha walikuwa wachache sana.

Uwezo huo ulianza na mkopo, na hili mara nyingi hupitwa haraka mno. Pembe za ndovu zilinunuliwa bara kwa vitambaa vya pamba viitwavyo merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Bidhaa hizo zilitoka Unguja, na aghalabu mwenye msafara alizichukua kwa deni. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa maarufu kama Tippu Tip, alikopeshwa na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Deni lililipwa kwa pembe msafara uliporudi, pengine baada ya miaka kadhaa. Wapagazi wakitoroka au mizigo ikiporwa njiani, deni lilibaki palepale. Aliyekopesheka tena na tena ndiye aliyekua.

Kisha watu. Mpagazi, aghalabu Mnyamwezi, alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, huku kirangozi akitangulia mbele. Wote walidai posho, na kila mtawala aliyepitiwa alidai hongo yake. Hongo hii haikuwa rushwa kama tunavyolitumia neno leo. Ilikuwa ushuru wa njia, na kiasi chake kilijadiliwa, wakati mwingine kwa siku nyingi. Hapo jina la mwenye msafara lilikuwa na thamani kuliko bunduki zake.

Kivoi wa Ukambani anaonyesha jambo hili vizuri. Alikuwa tajiri wa Kitui aliyepeleka pembe Mombasa, mwenye wafuasi wengi na marafiki katika nchi za jirani. Mmisionari Ludwig Krapf alipotaka kuingia bara mwaka 1849, alifika kwa Kivoi, na ni akiwa huko Kitui alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 walisafiri pamoja kuelekea Mto Tana. Msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akanusurika kwa shida, akitangatanga peke yake akitafuta njia ya kurudi. Mtu aliyekuwa akimfungulia njia hakuwapo tena.

Si haki kueleza utajiri huu bila kuwataja waliouzwa. Wengi wa wafanyabiashara hawa waliuza watumwa sambamba na pembe, na vijiji vilichomwa ili wapatikane. Sifa ya ujasiri wanayopewa isifunike hilo.

Kutoka biashara hadi utawala hatua ilikuwa fupi, kwa kuwa mwenye bunduki, watu na bidhaa za kugawa hakuwa na sababu ya kuendelea kulipa hongo. Msiri alitoka Unyamwezi akafuata shaba ya Katanga, akahamia huko, na kufikia miaka ya 1870 alikuwa mfalme wa Garenganze, akifanya biashara na pwani zote mbili, ya Angola na ya Bahari ya Hindi. Mirambo alikwenda upande wa pili: alikuwa mtemi, yaani mtawala wa Kinyamwezi, kwanza, kisha akaitumia nguvu yake kuidhibiti njia ya Tabora na Ujiji, na mwaka 1871 akaifunga kabisa katika vita vyake na Waarabu wa Tabora.

Mfalme Leopold wa Ubelgiji alielewa kwamba wafanyabiashara hawa walikuwa na nguvu za kutawala. Mwaka 1887 alikubali Tippu Tip awe gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya dola yake ya Kongo. Msiri alikataa bendera ya dola hiyohiyo, na Desemba 1891 akapigwa risasi Bunkeya, mji wake mwenyewe.