Dola ya Kanada inapopanda: nani anafaidi, nani anaumia

Ukiambiwa dola ya Kanada imepanda, umeambiwa nusu ya habari. Sarafu hupanda dhidi ya sarafu nyingine, na kwa Wakanada hiyo nyingine ni dola ya Marekani. Mtangazaji wa Toronto akisema dola imefunga siku kwenye senti 73, maana yake ni kwamba dola moja ya Kanada inanunua senti 73 za Kimarekani. Ikifika 80 imepanda, ikirudi 68 imeshuka. Yaliyotokea siku hiyo kati yake na euro au yeni hayawashughulishi wengi.

Wana sababu ya kuangalia upande mmoja tu. Karibu robo tatu ya bidhaa zinazouzwa nje ya Kanada huishia Marekani, na wananchi wengi wanaishi karibu na mpaka wa kusini kiasi kwamba wanaweza kuvuka asubuhi na kurudi jioni. Serikali nayo iliacha kupanga bei ya sarafu hiyo mwezi Juni 1970. Tangu hapo soko ndilo linaloamua, na Benki Kuu ya Kanada haijaingia sokoni kuitetea dola yake tangu 1998.

Soko linaangalia mambo machache: bei ya mafuta, kwa kuwa Kanada ndiyo nchi ya nje inayoiuzia Marekani mafuta ghafi mengi kuliko zote, tofauti ya riba kati ya benki kuu mbili, ya Kanada na ya Marekani, na hali ya dola ya Marekani yenyewe. Januari 2002 dola ya Kanada ilianguka hadi senti 62 hivi. Kisha mafuta yakapanda bei, dola ya Marekani ikalegea, na tarehe 20 Septemba 2007 zikawa sawa kwa sawa kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya thelathini. Novemba ya mwaka huohuo ikagusa dola 1.10 za Kimarekani. Kupanda kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka isiyofika sita ni tukio adimu kwa nchi tajiri, na ndiyo maana mifano mizuri ya somo hili inatoka kipindi hicho.

Tuanze na mnunuzi. Kwa hesabu ya darasani anafaidi moja kwa moja: bidhaa ya dola 100 za Kimarekani iliyokuwa ikimgharimu dola 161 za Kanada mwaka 2002 ilimgharimu 100 sarafu zilipolingana mwaka 2007. Dukani haikuwa hivyo. Wakanada waligundua hilo kwenye vitabu, maana vitabu vilikuwa vikichapwa bei mbili kwenye jalada, ya Marekani na ya Kanada, zikiwa zimekaa jirani kabisa. Siku sarafu zilipolingana, mteja alishika kitabu chenye bei mbili tofauti na kumuuliza mwenye duka kwa nini alipe ile kubwa. Mwenye duka hakuwa na jibu la kumridhisha. Bei ilikuwa imepangwa na mchapishaji miezi mingi nyuma, na mzigo ulikuwa umenunuliwa kwa kiwango cha zamani.

Kelele zilikuwa kubwa hadi waziri wa fedha wa wakati huo, Jim Flaherty, akawaita wafanyabiashara wa rejareja Oktoba 2007 akiwataka washushe bei. Baadhi walishusha. Wengine walieleza, na walikuwa na hoja, kwamba pango la duka, mishahara, umeme na usafirishaji wa ndani vyote hulipwa kwa dola za Kanada, na hakuna hata kimoja kinachoshuka kwa sababu sarafu imepanda. Ongeza ushuru wa forodha, soko dogo lililotawanyika kwenye nchi kubwa, na kampuni kubwa zinazopanga bei kwa kuangalia kila nchi ina uwezo gani wa kulipa. Hiyo ya mwisho ndiyo isiyosemwa kwa sauti. Februari 2013 kamati ya Seneti ilitoa ripoti kuhusu pengo la bei kati ya nchi hizi mbili, na hata yenyewe ilishindwa kutaja sababu moja.

Kwa hiyo mteja alichukua gari akavuka. Wakazi wa Vancouver walimiminika Bellingham, mji mdogo wa jimbo la Washington, kiasi cha mwendo wa saa moja hivi. Walichofuata si vitu vya fahari: maziwa, jibini, kuku, mafuta ya gari. Maziwa na kuku nchini Kanada huzalishwa kwa mgawo uliowekwa kisheria na kulindwa na ushuru mkubwa, kwa hiyo yana bei ya juu hata dola ikiwa dhaifu. Dola ikipata nguvu tofauti inakuwa ya kuchekesha. Agosti 2012 baadhi ya wenyeji wa Bellingham walichoka kukosa nafasi ya kuegesha magari na kukuta rafu za maziwa zimefagiliwa, wakafungua ukurasa wa Facebook wakitaka duka la Costco la mjini kwao liwatengee Wamarekani saa zao peke yao. Wenye maduka wa hapohapo, bila shaka, walikuwa wakiwakaribisha wageni kwa mikono miwili.

Safari hiyo nayo ina hesabu yake. Anayevuka na kurudi siku hiyohiyo hana msamaha wowote wa kodi. Akikaa saa 24 anaruhusiwa bidhaa za dola 200, akikaa saa 48 anaruhusiwa za dola 800. Viwango hivyo vilianza Juni 2012. Toa mafuta ya gari, foleni ya mpakani na ada anayokatwa mwenye kadi ya benki kwa kubadilisha fedha. Kwa familia ya watu sita inaweza kulipa. Kwa mtu mmoja anayefuata galoni mbili za maziwa ni matembezi tu. Na kwenye bidhaa kubwa mlango haukuwa wazi kama ulivyoonekana: baadhi ya kampuni za magari ziliwazuia mawakala wao wa Marekani kuwauzia Wakanada magari mapya.

Upande wa biashara swali ni moja: unapokea sarafu gani, na unalipa kwa sarafu gani? Chukua kiwanda cha kupasua mbao cha jimbo la British Columbia. Mbao zinauzwa Marekani kwa dola za Kimarekani, wakati wapasuaji, madereva na kodi vinalipwa kwa dola za Kanada. Mzigo wa dola 1,000 za Kimarekani ulileta dola 1,600 na ushee za Kanada mwaka 2002. Mwaka 2007 mzigo uleule, mteja yuleyule, ulileta 1,000. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyefanya uzembe, lakini zaidi ya theluthi moja ya mapato imeyeyuka huku mishahara ikibaki ilivyokuwa. Viwanda vya karatasi za magazeti na hoteli zinazotegemea watalii wa Kimarekani vilibanwa vivyo hivyo.

Muagizaji yuko upande wa pili wa shilingi. Bidhaa zinamfikia kwa bei nafuu, na asipoharakisha kushusha bei anatia kibindoni tofauti yote. Katikati wapo kama watengenezaji wa magari wa Windsor, mji wa jimbo la Ontario ulio ng'ambo ya mto kutoka Detroit ya Marekani: vipuri vyao huvuka mpaka zaidi ya mara moja kabla gari halijakamilika, hivyo wanachopoteza kwenye mauzo wanakirudisha kwa kiasi fulani kwenye manunuzi. Kwa kiasi fulani tu. Mishahara ya Ontario haivuki mto.

Hapo ndipo siasa ilipoingia. Mwaka 2012 Thomas Mulcair, kiongozi wa upinzani, alidai kwamba mafuta ya jimbo la Alberta yamepandisha dola hadi ikaua viwanda vya mashariki, jambo ambalo wachumi huliita ugonjwa wa Kiholanzi kutokana na yaliyoikuta Uholanzi baada ya kugundua gesi. Mark Carney, wakati huo gavana wa Benki Kuu na baadaye waziri mkuu, alimjibu Septemba mwaka huohuo akiwa Calgary, mji wa mafuta wenyewe, kwamba utajiri huo ni neema kwa nchi nzima. Mimi naona wote wawili walivuta kamba upande wao. Dola iliumiza, hilo halina ubishi. Lakini viwanda vya Ohio na Michigan vilifunga milango miaka hiyohiyo bila kuwa na sarafu iliyopanda, kwa hiyo lawama yote haiwezi kuishia kwenye kibao cha bei za fedha.

Ushindani unaoonekana wazi zaidi, hata kwa asiyejali uchumi, ni wa mpira wa magongo wa barafuni. Katika ligi ya NHL, yenye timu za Marekani na za Kanada, wachezaji hulipwa kwa dola za Marekani, hata wanaochezea Montreal au Edmonton, ilhali tiketi za Montreal na Edmonton zinauzwa kwa dola za Kanada. Mchezaji wa dola milioni 3 huigharimu timu ya Kanada milioni 4.6 dola ikiwa senti 65. Kwa mzigo huo, na viwanja vilivyochakaa, timu ya Quebec Nordiques ilihamia Denver, Marekani, mwaka 1995, ikabadili jina, na msimu wake wa kwanza huko ikabeba Kombe la Stanley, la bingwa wa ligi hiyo. Usiombe kuwa shabiki wa Quebec mwaka ule. Mwaka uliofuata zamu ya kuhama ilikuwa ya Winnipeg Jets, iliyokwenda Phoenix, Marekani pia. Januari 2000 waziri John Manley alitangaza ruzuku kwa timu zilizobaki, wananchi wakafoka, na baada ya siku chache tu akaifuta.

Kisha dola ikapanda, mwaka 2005 ligi ikaweka ukomo wa jumla ya mishahara ambayo kila timu inaweza kulipa, na mzani ukageuka. Mwaka 2011, dola ya Kanada ikiwa juu ya ile ya Marekani, timu ya Atlanta ilihamishiwa Winnipeg na jina la Jets likarudi. Fedha ilirudisha timu. Kombe ni suala jingine, kwani tangu Montreal mwaka 1993 hadi 2025 hakuna timu ya Kanada iliyolichukua.

Kwa Mtanzania au Mkenya aliyeko Toronto au Calgary anayetuma hela nyumbani, hesabu inapitia njia hiyohiyo. Dola ya Kanada na shilingi hazina soko kubwa la kukutana ana kwa ana, hivyo bei kati yao kwa kawaida hutokana na bei ya kila moja kwa dola ya Marekani. Dola ya Kanada ikitoka senti 70 hadi 77 huku shilingi ikiwa palepale, aliyetuma dola 200 atakuwa ameongeza mkono wa mama kwa asilimia 10 bila kuongeza senti. Shilingi nayo ikiwa imepanda kwa asilimia hiyohiyo, mama atapokea kilekile alichopokea mwezi uliopita, hata kama redio ya Toronto imeshangilia wiki nzima.