Nyumba za Mji Mkongwe hazina nondo

Wiki hii tena mteja kaniambia: "Mhandisi, wazee wetu Mji Mkongwe na Lamu walijenga kwa mawe ya matumbawe na mchanga wa pwani, mbona majumba bado yamesimama?"

Yamesimama, kweli. Lakini kuta zile ni mawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Nondo hamna! Chumvi huzimung'unya polepole, ila haina chuma cha kula. Wewe unataka ghorofa la zege lenye nondo, halafu unaniletea mchanga wa ufukweni na maji ya kisima cha chumvi.

Zege jipya lina pH (kipimo cha asidi na alkali) inayopita 12, yaani alkali kali, na hali hiyo huivika nondo utando mwembamba unaozuia kutu. Kloraidi ya kwenye chumvi huutoboa utando huo. Kwa mchanga ule, ugonjwa umeutia mwenyewe siku ya kumwaga zege, hata kabla upepo wa kusi haujauleta. Kutu nayo hutaka nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, basi zege hupasuliwa kutoka ndani. Tazama chini ya baraza lolote la zamani linaloelekea bahari: ufa umenyooka kuifuata nondo, na michirizi ya kahawia inashuka ukutani. Gonga kwa nyundo, panalia utupu. Bandua, nondo inamenyeka kama kitunguu.

"Basi tupige plasta." Hapana. Zege bovu libomolewe hadi nyuma ya nondo, chuma kisuguliwe mpaka king'ae, kilicholika sana kiongezewe kingine, ndipo pajazwe.

"Nguzo iliyozama baharini ndiyo huoza kwanza." Sivyo, huko chini oksijeni ni kidogo. Huliwa zaidi pale panapolowa na kukauka, mawimbi yanaporukia.

"Tuongeze saruji, chumvi haitapenya." Angalia maji kwanza. Pwani, mfuko wa kilo 50 usipewe zaidi ya lita 22, pamoja na unyevu wa mchanga. Fundi akiongeza ndoo ili zege liteleze, maji yale yakikauka huacha vinyweleo, na chumvi hupitia humo humo. Kisha limwagiliwe maji yasiyo na chumvi siku 7 kamili.

Kabla ya kumwaga, mimi hupita na rula kila upande wa kila nguzo. Kutoka ubao wa kumwagia zege hadi ringi (chuma kinachozifunga nondo pamoja) nataka milimita 50, ndizo zege la kukinga chuma. Zikipungua, siku hiyo hatumwagi.