Kuishi kwa imani maana yake nini hasa

Sisi wa kandokando ya ziwa tunajua kusali upepo ukibadilika. Uko kwenye mtumbwi unatoka visiwani, mawimbi yanaanza kupanda, boti zima linaita Yesu, na maombi hayo Mungu anayaskia kabisa, wala sisemi ni mabaya. Wanafunzi nao walimwamsha hivyohivyo kwenye dhoruba ya Galilaya, iko Marko 4, na wengine wao walikua wavuvi wanaolijua lile ziwa vizuri tu. Shida ni pale mtu anapodhani imani ndio hiyo peke yake, yani ni kitu cha kutoa pale boti linapoyumba, au mtoto akilazwa, au kesi ikiitwa mahakamani.

Neno lenyewe linatusaidia. Imani, amini, uaminifu, amana, yote yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu, kwa hiyo kumwamini Mungu na kuwa mwaminifu ni ndugu wa damu. Amana ni kile kitu mtu anakukabidhi umtunzie, na anaekukabidhi haji kukuangalia siku ya dhoruba tu, anakuangalia Jumanne mchana hakuna kitu chochote kinachoendelea. Ndio maana Luka 9:23 Yesu anasema mtu ajitwike msalaba wake kila siku. Kila siku jamani.

Sasa kwa mvuvi kila siku ni nini? Ni kuamua hutavuta kokoro, ule wavu wa kukokota uliokatazwa, hata kama doria haipo, kwa sababu lile linakomba mpaka vifaranga vya samaki, na sangara wa chini ya sentimita 50 unamrudisha majini ingawa kuna mtu pale nchi kavu yuko tayari kumnunua. Ni kumgawia kibarua wako hela yake asubuhi ileile mliyouza, maana alikesha na wewe kwenye taa usiku kucha. Wengine watasema hiyo ni tabia njema tu hata asiyesali anaweza, na ni kweli anaweza, ila Mkristo anafanya akijua ni nani anamwona na ni nani atamlisha kesho hela ikipungua, na hapo kwenye "kesho itakuaje" ndipo imani inafanya kazi yenyewe. Yakobo alishaandika kwamba imani bila matendo imekufa.

Kuna mama namjua anauza dagaa soko la Kirumba, Mwanza. Dagaa wakianikwa chini wanabeba mchanga, na mchanga unajaza kisado haraka, kila mfanyabiashara pale anajua. Yeye anachekecha kwanza ndio anapima, kwa hiyo gunia lake linatoa visado vichache kuliko la jirani na bei anaacha ileile. Asubuhi kabla hajafungua meza anasali kidogo sana, dakika mbili hazifiki, "Bwana nisaidie nipime vizuri leo", alafu anachukua chekecheo lake anaanza.