Usafiri endelevu na njia ya kuingilia: maana yake kwenye ekari moja ya Utawala

Mvua za masika zikianza, kati ya Machi na Mei, kuna kazi inayoshamiri kando ya steji za Utawala na Ruai, mitaa ya mashariki mwa Nairobi: kuosha viatu. Mtu anafika na gambuti zilizoganda tope jeusi, anazivua, anavaa viatu vya ofisi alivyovibeba kwenye mfuko, na gambuti zinabaki kwa mwenye kibanda hadi jioni. Kwake ana nyumba ya vyumba vitatu, vigae sakafuni, tangi la maji juu ya paa. Lakini kati ya geti lake na lami kuna mita 600 ambazo hakuna aliyewahi kuzipangia.

Hapo ndipo dhana mbili zinapokutana. Ya kwanza ni njia ya kuingilia. Hii ni ardhi iliyotengwa, upana wake ukapimwa na kuchorwa kwenye ramani ya upimaji, ili kila ploti iungane na barabara ya umma. Ni ardhi kwanza, barabara baadaye. Kijia kilichozoeleka kupitia shamba la jirani si njia ya kuingilia, kwa sababu siku jirani akijenga ukuta, safari imeishia hapo.

Ya pili ni usafiri endelevu. Neno endelevu lilienea duniani baada ya mwaka 1987, wakati tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwe ilipoeleza kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya walio hai leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi ya kwao. Katiba ya Kenya ya 2010 inayataja maendeleo hayo miongoni mwa maadili ya kitaifa, katika Kifungu cha 10. Ukiileta fikra hiyo kwenye usafiri, maana yake ni kufika kazini, shuleni, sokoni na hospitalini ukiwa salama, kwa nauli unayoimudu, bila kuchafua hewa wanayoivuta wengine, na kwa njia ambayo bado itapitika watoto wako watakapokuwa watu wazima.

Wengi wakisikia usafiri endelevu huwaza magari ya umeme. Mimi naomba tuanze na miguu, kwa kuwa Nairobi ni mji wa watu wanaotembea. Tafiti za usafiri wa jiji zimeonyesha mara kwa mara kwamba safari za miguu ni takriban nne katika kila kumi, na anayepanda matatu naye alitembea hadi steji. Kaunti ya Jiji la Nairobi ililitambua hilo kwenye sera yake ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini, iliyotaka asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembeao kwa miguu na waendesha baiskeli. Sera ni ya jiji zima. Mtaa mdogo wa nyumba kumi hupangwa na watu wachache sana, mara nyingi chama cha marafiki au wafanyakazi wenza, na ni chama hicho kinachoamua kama mama mwenye mtoto mgongoni atapata pa kukanyaga.

Tuchukue chama cha watu kumi walionunua ekari moja. Ekari ina futi za mraba 43,560, kwa hiyo kama umbo lake ni mraba, kila upande una futi 208 hivi. Wanataka ploti kumi za futi arobaini kwa themanini. Mpima ardhi anawachorea njia ya futi 30, yaani mita 9, inayopita katikati. Hapo ndipo mabishano huanza: mbona njia inakula ardhi yote hiyo? Ipunguzwe iwe futi 20!

Hesabu ni nyepesi, ila ni wachache wanaokaa chini kuipiga. Njia ya futi 30 ikipita katikati, kila upande unabaki na kina cha futi 89. Ploti inahitaji 80. Kwa urefu wa futi 208 unapata ploti tano za futi 40 kila upande, jumla kumi. Punguza njia iwe futi 20: kila upande sasa una kina cha futi 94. Ploti bado ni tano na tano. Hakuna ploti hata moja iliyoongezeka. Kila mwanachama amepata futi tano za ziada nyuma ya jikoni, na wote kumi wamepoteza futi kumi za njia ambazo hawatazirudisha kamwe. Nimeona mabishano haya yakiisha vibaya mahali ambapo karatasi moja na penseli vingetosha.

Upana huo ni wa kazi gani, ikiwa nusu ya majirani hawana gari? Nyumba nyingi za Utawala na za ukingo wa mashariki mwa jiji hazijaunganishwa na bomba la maji taka. Choo kinaingia kwenye tangi la chini ya ardhi, na tangi likijaa unaita eksosta, lori la kunyonya maji taka. Maji ya mfereji yakikatika wiki mbili, unaita lori la maji. Kuna lori la taka, lori la mchanga na mawe kwa jirani ambaye bado anajenga, na basi la shule linalopita alfajiri kabla ya saa kumi na mbili. Halafu kuna gari la zimamoto, ambalo unaomba lisije, lakini likija lisikwame getini. Magari haya ndiyo kipimo cha njia. Gari dogo la nyumbani litapita popote.

Nilipokuwa nikipanga nyumba upande huo, kwenye kiwanja cha nyumba kumi na mbili, mwenye kiwanja alikuwa amebakiza njia ya futi 15 na mwisho wake ukawa ukuta. Eksosta iliingia kwa kurudi nyuma, ikiongozwa na askari wa geti kwa tochi. Usiku mmoja wa Aprili jirani yangu alishikwa na uchungu wa kujifungua, na teksi iliyomfuata ikazama matopeni robo ya njia. Wanaume wanne walimbeba kwenye kiti cha plastiki hadi barabarani. Alijifungua salama. Tangu siku hiyo siwezi kuona ramani ya ploti nisiulize lori linageukia wapi.

Jibu la swali hilo ni sehemu ya kugeuzia, na haihitaji ploti nzima. Rudi kwenye ekari yetu. Kila upande ulikuwa na kina cha futi 89, na ploti inahitaji 80. Kwenye ploti mbili za mwisho, zinazotazamana, chukua zile futi tisa za ziada kila upande uzitie njiani. Mwisho wa njia sasa una upana wa futi 48, karibu mita 14 na nusu, kwa urefu wa ploti moja. Lori la wastani litageuka hapo kwa kwenda mbele na nyuma mara chache, kisha litoke likitazama mbele. Kutoka kwa kurudi nyuma ndiko hatari ilipo, kwa kuwa dereva wa lori haoni mtoto aliye nyuma ya gurudumu.

Sasa udongo. Magharibi na kaskazini mwa Nairobi, kuelekea Kikuyu na Kiambu, kuna udongo mwekundu unaokunywa maji na kukauka upesi. Mashariki ni ule mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa unazoweza kutumbukiza mkono. Ukimwaga maramu, yaani changarawe nyekundu, juu yake ukidhani umetengeneza barabara, mvua mbili zikinyesha maramu imezama na umerudi ulikoanza. Fundi anayejua kazi huchimba, akauondoa ule weusi, akapanga mawe, akashindilia, kisha ndipo alete maramu au kabro, yale matofali ya zege ya kutandaza. Ni ghali mara moja. Kumwaga maramu kila mwaka ni ghali maisha yote, na hicho ndicho kiini cha neno endelevu.

Maji nayo yana hesabu yake. Njia yetu ya mita 9 kwa 63 ikipata mvua ya milimita 10 tu, inapokea zaidi ya lita 5,500, hujahesabu paa. Yataenda wapi? Mtaro lazima uwe na mwisho: mkondo wa maji, au kalvati la barabara kuu ambalo umeruhusiwa kuunganisha. Mtaro unaoishia kwa jirani wa chini ni ugomvi unaosubiri mvua, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaonyesha wakazi wa Nairobi maji yanafanya nini yakinyimwa njia.

Kwa anayetembea, mambo matatu ndiyo yananishughulisha zaidi: umbali, mwanga na kona.

Mtu mzima hutembea kama mita 400 kwa dakika tano. Ukizungushia mtaa ukuta wenye geti moja upande wa barabara, mtoto ambaye shule yake iko mita 200 nyuma ya ukuta huenda akalazimika kuzunguka kilomita nzima. Geti dogo la nyuma, la miguu pekee, lenye komeo na funguo kwa kila nyumba, linaweza kurudisha safari ya robo saa iwe ya dakika tatu. Huo ni usafiri endelevu uliogharimu fremu moja ya chuma. Najua hofu ya usalama ni ya kweli. Hata hivyo kijia chenye watu, taa na jirani anayeona kutoka dirishani ni salama kuliko kichochoro kirefu kati ya kuta mbili. Taa nazo zifuate njia hadi steji, zisiishie getini, maana anayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ya kwenda tao anatembea gizani.

Kona ndiyo inayoua. Kasi inayoruhusiwa mijini nchini Kenya ni kilomita 50 kwa saa. Gari la kasi hiyo hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde, kwa hiyo kabla dereva hajagutuka na kugusa breki ameshapita mita 20 au zaidi. Ukuta wako ukija hadi ukingo wa barabara na kusimama wima kwenye kona, anayetoka hamwoni anayekuja wala hamwoni mtu wa miguu. Ukuta ukatwe kona, urudi ndani, na pasiwekwe kibanda wala bango mahali hapo. Ndani ya mtaa kasi isizidi kilomita 30, kiwango ambacho mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani uliofanyika Stockholm mwaka 2020 ulikipendekeza mahali watu na magari wanapochanganyika. Matuta husaidia, njia nyembamba ya magari kando ya njia pana ya miguu husaidia zaidi. Ndiyo maana katika zile mita 9 si lazima magari yapewe zote. Mita tano na nusu za magari zinatosha, zinazobaki ni za miguu, mtaro na miti.

Magari ya umeme nayo yana nafasi yake. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana, kwa hiyo bodaboda ya umeme Nairobi ni safi kweli. Wekeni plagi kwenye kibanda cha kuegesha, na mahali bodaboda zitasubiri abiria bila kuziba kona. Lakini umeme hauondoi tope.

Kuhusu vibali: ugawaji wa ardhi hupita kwa kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kuunganisha njia yenu na barabara kubwa kunahitaji ruhusa ya mamlaka inayoisimamia. KeNHA ina barabara kuu za kitaifa na KURA ina za mijini, zote zikiwa zimeundwa na Sheria ya Barabara ya 2007. Ombeni ruhusa hiyo kabla ya kusimika bikoni, alama za mipaka ya ploti, maana wakiwaambia msogeze mlango mita 30, ramani nzima inabadilika.

Amueni pia njia itakuwa ya nani. Ikikabidhiwa umma, kila mtu atapita na kaunti ina wajibu juu yake. Ikibaki yenu, muwe na mkataba ulioandikwa na mfuko wa kila mwezi wa kuzibua mtaro na kurekebisha kabro. Na mkumbuke kwamba leo ni nyumba kumi, lakini mwanachama mmoja akiuza, mnunuzi anaweza kutaka ghorofa nne za kupangisha. Lami inaweza kuongezwa unene siku hiyo. Upana hauongezeki.

Ukiwa unataka kununua kwenye mtaa wa namna hii, usiende Januari jua likiwaka. Nenda Aprili, siku moja baada ya mvua, ushuke matatu steji na utembee hadi ploti ukiwa umevaa viatu vyako vya kazi. Angalia maji yamesimama wapi. Muulize askari wa geti eksosta ya mwisho iliingia vipi na ikatoka vipi, kisha muulize ufunguo wa geti dogo la nyuma anao nani.