Maji huru ndani ya meli, na kisa cha Normandie

Maji huru ni maji yaliyomo ndani ya chombo yakiwa na nafasi ya kukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hayakujaza chumba hadi dari, wala hakuna ukuta wa kuyazuia. Chombo kikiinama kushoto, nayo huenda kushoto, na yakifika huko uzito wake unaongeza mwinamo uleule ulioyaleta. Hatari iko hapo, katika mwendo wa maji zaidi ya wingi wake.

Aliyewahi kujitwika ndoo ya maji anaijua dhana hii kwa shingo yake. Ndoo iliyopungua kidogo huyumba na kumyumbisha mbebaji, ndiyo maana watu huweka majani juu ya maji ili yatulie. Dumu lililojaa hadi mdomoni na kufungwa kizibo ni zito zaidi, lakini halichezi. Wavuvi wa pwani nao hawangoji ngama, sehemu ya chini ya mashua panapokusanyika maji, ijae ndipo wafue maji. Wanajua mashua hupinduka mapema kuliko inavyozama. Mashua hiyohiyo ikienda tupu hutiwa farumi, mawe au mchanga chini kabisa, ili itulie juu ya mawimbi. Farumi ni uzito, na maji ya ngama ni uzito, ila farumi imelala chini na haihami.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawalitarajii. Kinachoamua ukali wa maji huru ni upana wa uso wake, kina chake hakina athari kubwa hivyo. Maji ya kufika kifundoni kwenye sitaha pana ni ya kuogopwa kuliko maji ya kufika kifuani kwenye chumba chembamba. Ukisimamisha ukuta mmoja katikati ya eneo hilo, kutoka omo hadi tezi, athari yake hushuka hadi robo. Ndiyo sababu matangi ya meli hugawanywa. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Uingereza, Herald of Free Enterprise, iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Bahari ikaingia kwenye sitaha ya magari isiyokuwa na kuta za kugawa, na kwa dakika chache tu feri ikalala ubavu. Watu 193 walikufa.

Hata hivyo, mimi nikitaka kumwelewesha mtu maji huru humsimulia habari za Normandie, meli ya abiria ya Ufaransa, kwa sababu meli hiyo haikuwa hata baharini. Ilikuwa imefungwa gatini, kamba zikiwa mahali pake.

Normandie ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa. Safari yake ya kwanza, kutoka Le Havre kwenda New York, ilianza tarehe 29 Mei 1935, na katika safari hiyohiyo ikavunja rekodi ya mwendo wa kuvuka Atlantiki. Ilikuwa na urefu wa mita 313. Umbo la mwili wake lilibuniwa na Vladimir Yourkevitch, Mrusi aliyewahi kuchora manowari za Tsar kabla ya mapinduzi kumfanya mkimbizi. Ukumbi wa chakula wa daraja la kwanza ulikuwa na urefu wa mita 93, kuupita Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles, nao haukuwa na dirisha la nje: mwanga wote ulitoka kwenye taa, pamoja na nguzo ndefu za kioo za Lalique, msanii wa vioo wa Ufaransa, wageni 700 wakila kwa pamoja.

Katika meli nyingi za wakati ule bomba za moshi zilipanda katikati na kuzikata kumbi vipande vipande. Kwenye Normandie ziligawanywa matawi mawili na kupitishwa pembeni, ili macho ya abiria yasafiri kutoka ukumbi hadi ukumbi bila kizuizi. Dohani la tatu halikutoa moshi wowote. Lilisimamishwa kwa ajili ya urari wa sura, na chini yake mbwa wa abiria wakapewa makazi. Uzuri wote wa meli hii ulikuwa katika uwazi. Nami siwezi kuisoma michoro yake bila kuona kwamba sakafu pana namna hiyo, zikishapata maji, ni uwanja wa kukimbilia.

Vita vilipoanza mwaka 1939 ilikuwa New York, ikabaki huko. Desemba 1941 Marekani iliitwaa, ikaibadili jina kuwa Lafayette na kuanza kuigeuza meli ya kubeba askari kwa haraka kubwa. Alasiri ya tarehe 9 Februari 1942 cheche za fundi aliyekuwa akikata chuma katika ukumbi mkuu ziliangukia rundo la majaketi ya kuokolea yaliyojazwa sufi. Sufi hushika moto upesi mno. Mfumo wa meli wa kuzima moto ulikuwa umetenganishwa kwa ajili ya kazi, na mipira ya zimamoto wa jiji haikuingiana na viungio vya Kifaransa.

Zimamoto wakamwaga maji kutoka nchi kavu na kutoka kwenye boti. Moto ulishindwa jioni ileile. Lakini maji yalikuwa yamebaki juu, kwenye sitaha za juu, huru, na meli ikaanza kulalia kushoto.

Yourkevitch mwenyewe alikuwa New York siku hiyo, akafika gatini. Alipendekeza vali za chini zifunguliwe ili maji ya mto yajaze vyumba vya chini na meli ikae wima juu ya tope lililokuwa kimo kifupi tu chini yake. Yaani alitaka kuitia farumi kwa maji. Vyumba vya chini vikijaa hadi dari, maji yake hayana pa kukimbilia tena, na uzito wake unakuwa chini kabisa, mahali pa mawe ya mashua. Wakubwa wa jeshi la majini walilikataa pendekezo hilo. Usiku wa manane ukiwa umepita, tarehe 10 Februari, Normandie ikalala ubavu barafuni, kando ya gati namba 88.

Iliwachukua hadi mwaka 1943 kuiinua. Sehemu zote za juu zilikatwa kwanza, wapiga mbizi wakaziba matundu chini ya maji machafu ya mto Hudson, na pampu zikayatoa maji kwa mpango hadi mwili ukasimama tena. Haikusafiri tena. Mwaka 1946 iliuzwa chuma chakavu kwa dola 161,680. Mapambo ya mviringo ya shaba nyeusi yaliyopamba milango ya ule ukumbi wa chakula yako Brooklyn, New York, kwenye milango ya kanisa kuu la Wamaroni, Wakatoliki wenye asili ya Lebanoni.