Libya: Serikali Mbili, Hazina Moja

Msikilizaji wa taarifa za habari za kimataifa hukutana na Libya mara kwa mara, lakini kwa vipande: leo mapigano katika vitongoji vya Tripoli, kesho visima vya mafuta vimefungwa, keshokutwa boti ya wahamiaji imezama katika Bahari ya Mediterania. Vipande hivyo visipounganishwa, ni rahisi kudhani kwamba nchi hiyo imetumbukia katika ghasia zisizo na sababu, ama kwamba ni ugomvi wa makabila ambao mtu wa nje hawezi kuuelewa. Dhana hiyo si sahihi, na inawadhulumu Walibya wenyewe. Mgogoro wao una utaratibu wake, na njia nyepesi ya kuuona ni kulifuata pipa la mafuta tangu linapotoka ardhini hadi fedha yake inapogeuka mshahara wa mwalimu wa Benghazi au wa askari wa Misrata.

Libya ina akiba ya mafuta iliyothibitishwa ya takribani mapipa bilioni 48, kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote barani Afrika, ilhali watu wake ni kama milioni 7 tu, wengi wao wakiishi katika ukanda mwembamba wa pwani kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi ni jangwa la Sahara. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali hutokana na mafuta na gesi. Kisheria muuzaji ni mmoja, yaani Shirika la Taifa la Mafuta lenye makao yake Tripoli, na malipo ya wanunuzi huishia Benki Kuu, ambayo nayo iko Tripoli. Kutoka hapo hulipwa mishahara ya watumishi wa umma, ruzuku ya petroli na umeme, na posho za maelfu ya watu wenye silaha ambao vikundi vyao vimesajiliwa chini ya wizara za serikali.

Jiografia, hata hivyo, haikufuata sheria hiyo. Visima vingi viko katika bonde la Sirte, na bandari zinazosafirisha mafuta yake, yaani Es Sider, Ras Lanuf, Brega na Zueitina, zimekuwa mikononi mwa majeshi ya Khalifa Haftar, kamanda wa kijeshi anayeshikilia mashariki ya nchi, tangu Septemba 2016. Mwanzoni mwa 2019 majeshi hayo yaliingia pia kusini magharibi na kuchukua Sharara, kisima kikubwa kuliko vyote nchini. Basi mwenye visima hana ruhusa ya kuuza, na mwenye ruhusa ya kuuza hana visima. Hali hiyo moja inaeleza mambo mengi kuliko orodha yoyote ya makabila.

Kwa nini Haftar asiuze mwenyewe? Swali hilo lilijibiwa hata kabla hajazishika bandari. Mnamo Machi 2014 kundi la Ibrahim Jadhran, ambalo awali liliajiriwa kulinda mitambo ya mafuta, lilipakia mafuta ghafi katika meli iitwayo Morning Glory bandarini Es Sider bila idhini ya Tripoli. Meli ilipotoroka, bunge lilimwondoa waziri mkuu Ali Zeidan kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Siku chache baadaye makomando wa jeshi la majini la Marekani waliikamata karibu na Saiprasi na kuirudisha Libya. Mwezi huohuo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2146 linaloruhusu meli zinazobeba mafuta ya Libya isivyo halali kuwekewa vikwazo. Tangu hapo, mtu anayeshika bandari kwa bunduki amejua kwamba anaweza kufunga bomba, lakini hawezi kuligeuza kuwa akaunti yake ya benki. Kwa maoni yangu azimio hilo, ambalo halizungumzwi sana, ndilo lililoizuia Libya isigawanyike rasmi kuwa nchi mbili. Pia ndilo lililofanya ufungaji wa visima kuwa silaha ya kawaida ya kisiasa, kwa sababu mwenye visima alibakiwa na silaha hiyo tu.

Mgawanyiko wa mashariki na magharibi una mizizi mirefu. Libya iliyopata uhuru tarehe 24 Desemba 1951 chini ya Mfalme Idris ilikuwa shirikisho la majimbo matatu: Tripolitania upande wa magharibi, Cyrenaica upande wa mashariki na Fezzan kusini. Wakati huo ilihesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na sehemu ya mapato yake ilikuwa kodi ya kambi za kijeshi za Marekani na Uingereza. Mafuta yaligunduliwa kwa wingi mwaka 1959, usafirishaji ukaanza 1961, na kufikia 1963 mfumo wa shirikisho ulikuwa umefutwa, kwa kuwa fedha hizo zilihitaji mamlaka moja ya kuzisimamia. Tarehe 1 Septemba 1969 Muammar Gaddafi, afisa wa jeshi mwenye umri wa miaka 27, alimpindua mfalme. Katika miaka iliyofuata alizifunga kambi za kigeni, akayalazimisha makampuni ya mafuta kupandisha bei, kisha akataifisha sehemu kubwa ya sekta hiyo. Jambo ambalo hakulijenga ni taasisi zinazoweza kusimama bila yeye. Vyama vya siasa vilikuwa marufuku, na jeshi la kawaida lilidhoofishwa kwa makusudi huku vikosi vilivyoongozwa na wanawe na jamaa zake vikiimarishwa.

Sera yake ya nje ilibadilika kulingana na milango iliyokuwa wazi. Alianza na ndoto ya umoja wa Waarabu, akavunjika moyo, akaelekea Afrika. Kwa Watanzania na Waganda, sura ya kwanza ya safari hiyo ilikuwa ya damu: mwaka 1979 Gaddafi alipeleka wanajeshi kumsaidia Idi Amin dhidi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, wakapigana Lukaya mwezi Machi na kushindwa. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, Amin alikimbilia Libya kabla ya kuhamia Saudi Arabia. Baadaye Umoja wa Mataifa uliiwekea Libya vikwazo mwaka 1992 kwa sababu ya kulipuliwa kwa ndege ya abiria juu ya mji wa Lockerbie, tukio la 1988 lililoua watu 270. Gaddafi alipoona Waarabu hawamsaidii na viongozi wa Afrika wako tayari kukaidi marufuku ya safari za anga, aligeuza fedha na diplomasia yake upande wa kusini. Azimio la Sirte la tarehe 9 Septemba 1999 lilifungua njia ya kuundwa kwa Umoja wa Afrika, na mwaka 2009 alipokea uenyekiti wa umoja huo kutoka kwa Rais Jakaya Kikwete. Msikiti mkubwa wa Kampala Mkongwe na vituo vya mafuta vya OiLibya nchini Kenya ni alama za kipindi hicho ambazo wakazi wa miji yetu waliziona kwa macho yao.

Inafaa kukaa kidogo kwenye mwaka 2011, kwa sababu ndipo Afrika ilipopoteza sauti yake katika jambo hili. Maandamano yaliyoanza Benghazi katikati ya Februari yaligeuka kuwa uasi wa silaha ndani ya siku chache, na majeshi ya Gaddafi yalipoukaribia mji huo, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1973 tarehe 17 Machi likiruhusu hatua zote za lazima kuwalinda raia. Kura zilikuwa 10 za kuunga mkono na hapakuwa na ya kupinga, huku Urusi, China, Ujerumani, India na Brazil zikijizuia kupiga kura. Wajumbe watatu wa Afrika, yaani Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, waliunga mkono. Wakati huohuo Umoja wa Afrika ulikuwa na kamati ya marais iliyoandaa mpango wa kusitisha mapigano na kuunda serikali ya mpito. Kamati hiyo ilifika Tripoli na Benghazi mwezi Aprili huku mashambulizi ya anga ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, yakiendelea. Gaddafi aliupokea mpango, waasi wakaukataa kwa sababu haukumtaka aondoke kwanza. Gaddafi aliuawa Sirte tarehe 20 Oktoba, na NATO ilimaliza operesheni yake mwisho wa mwezi huo. Naamini kosa kubwa halikuwa kuwalinda watu wa Benghazi, ambao hatari iliyowakabili ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kuondoka bila mpango wowote wa kukusanya silaha, wakati kila mji ulikuwa na kikosi chake na kila kikosi kilikuwa kinadai mshahara kutoka hazina.

Uchaguzi wa bunge wa Juni 2014 ndio uliozaa serikali mbili. Bunge jipya, Baraza la Wawakilishi, lilihamia Tobruk mashariki. Bunge la zamani likakataa kuvunjika na kubaki Tripoli. Mkataba uliotiwa saini Skhirat, Moroko, mnamo Desemba 2015 ulileta serikali ya Fayez al-Sarraj iliyotambuliwa na Umoja wa Mataifa, lakini bunge la Tobruk halikuipa kura ya imani. Tarehe 4 Aprili 2019, wakati Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres akiwa Tripoli kuandaa mkutano wa maridhiano, Haftar aliamuru majeshi yake yauteke mji mkuu.

Vita hivyo viliwaweka wazi wafadhili wa kila upande. Haftar alisaidiwa na Falme za Kiarabu, Misri na mamluki wa Kirusi wa kundi la Wagner. Sarraj, akikaribia kushindwa, aligeukia Uturuki, na tarehe 27 Novemba 2019 akatia saini makubaliano mawili na Rais Recep Tayyip Erdoğan: moja la msaada wa kijeshi, lingine la mipaka ya baharini. La pili ndilo bei ya la kwanza. Linachora mpaka kati ya Uturuki na Libya kana kwamba kisiwa cha Krete hakipo kati yao, na hivyo kuipa Uturuki hoja ya kudai eneo la bahari ambalo Ugiriki inasema ni lake. Ugiriki ilimfukuza balozi wa Libya, kisha mwezi Agosti 2020 ikasaini mpaka wake na Misri unaogongana na ule wa Uturuki. Droni za Uturuki na wapiganaji iliowaleta kutoka Syria waligeuza vita; kufikia Juni 2020 majeshi ya Haftar yalikuwa yamerudi nyuma hadi Sirte na Jufra, ambako Rais Abdel Fattah el-Sisi wa Misri alitangaza mstari ambao upande wa magharibi usiuvuke. Mapigano yalisitishwa kwa mkataba wa Geneva wa tarehe 23 Oktoba 2020, uliowataka wapiganaji wote wa kigeni waondoke ndani ya miezi mitatu. Hawakuondoka.

Kilichofuata kinafuata njia ileile ya pipa. Abdul Hamid Dbeibah alichaguliwa waziri mkuu wa mpito mwezi Februari 2021 ili aandae uchaguzi wa tarehe 24 Desemba mwaka huo. Uchaguzi haukufanyika, kwa kuwa waliojiandikisha kugombea urais walikuwemo Haftar, Saif al-Islam Gaddafi, mwana wa Muammar Gaddafi, na Dbeibah mwenyewe, ambaye aliahidi hapo awali kwamba hatagombea, na kila mmoja alikuwa na watu wenye silaha waliokuwa tayari kuzuia ushindi wa mwenzake. Mwaka 2022 bunge la Tobruk likateua serikali yake nyingine, na visima vikafungwa kuanzia Aprili. Vilifunguliwa Julai, baada ya Dbeibah kumwondoa mwenyekiti wa Shirika la Taifa la Mafuta, Mustafa Sanalla, na kumweka Farhat Bengdara, mtu aliyekubalika kwa Haftar. Agosti 2024 mvutano ulihamia Benki Kuu: gavana Sadiq al-Kabir, aliyeshika nafasi hiyo tangu 2011, aliondolewa na Baraza la Urais, chombo cha Tripoli kinachoshika nafasi ya mkuu wa nchi, mashariki ikafunga visima tena, na uzalishaji uliokuwa wa mapipa milioni 1.2 hivi kwa siku ukashuka hadi chini ya nusu. Suluhu ilipatikana mwishoni mwa Septemba kwa pande mbili kumkubali gavana mpya, Naji Issa. Katika mivutano hiyo yote miwili hapakuwa na kura ya mwananchi hata moja.

Gharama ya mpangilio huu ilionekana katika mji wa Derna, pwani ya mashariki, usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Septemba 2023, pale mvua za dhoruba Daniel zilipovunja mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 na kusomba mitaa mizima hadi baharini. Maelfu walikufa. Nyufa za mabwawa hayo zilijulikana kwa miaka mingi na fedha za matengenezo zilitengwa, lakini ukarabati haukukamilika. Nchi yenye akiba kubwa ya mafuta kuliko zote Afrika haikukosa fedha za saruji. Ilikosa mamlaka inayowajibika kwa watu wa Derna.

Nchi za nje, kwa upande wao, zimejifunza kushughulika na pande zote mbili. Italia, inayopokea gesi ya Libya kwa bomba la Greenstream linalotoka Mellitah hadi Gela, Sicily, ina mkataba wa 2017 na Tripoli kuhusu wahamiaji, lakini pia inampokea Haftar. Uturuki, iliyokuwa adui yake, sasa inawakaribisha wanawe Ankara kwa matumaini kwamba bunge la mashariki litaidhinisha mpaka ule wa baharini. Urusi imeimarisha viwanja vya ndege inavyovitumia mashariki na kusini, na umuhimu wa viwanja hivyo umeongezeka tangu utawala wa Bashar al-Assad uanguke nchini Syria Desemba 2024. Kila mmoja anapata anachokitaka bila Libya kuwa na serikali moja, na hilo ndilo linalodhoofisha shinikizo la kufanya uchaguzi.

Mwakilishi wa sasa wa Umoja wa Mataifa, Hanna Tetteh, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Ghana, aliwasilisha mbele ya Baraza la Usalama mnamo Agosti 2025 mpango wa miezi 12 hadi 18 unaogusa sheria za uchaguzi, kuunganishwa kwa taasisi chini ya serikali mpya moja, na mazungumzo ya kitaifa yanayowashirikisha wananchi. Vikwazo vyake ni vilevile vya 2021: kama wanajeshi na wenye uraia pacha wanaruhusiwa kugombea urais, na nani ashike serikali wakati kura zinapigwa. Baraza la Wawakilishi linataka serikali mpya iundwe kabla ya uchaguzi, ilhali msimamo wa Dbeibah tangu 2022 ni kwamba atakabidhi madaraka kwa serikali iliyochaguliwa tu.