Mpe sahani kabla hujampa mpenzi

Miswada ya mapenzi inayonifikia siku hizi imehama Dar es Salaam. Dada kaachika au kafiwa, anapanda basi la Tanga, anashuka kwenye mji mdogo wa pwani, na sura ya kwanza haijaisha keshagongana na kaka mpole mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hapo ndipo ninapochoka. Makaka wenye maduka Kariakoo wamejaa tele. Huyu kafuata nini Pangani?

Mimi ni mhariri, na swali hilo ndilo ninaloliandika pembeni mara nyingi kuliko yote. Katika hadithi za namna hii anayemponya mhusika ni mji, na mpenzi naye sharti apitie kwenye mji huohuo. Huruma mhusika ataipata wiki ya kwanza, lakini hiyo ni ya mgeni. Mwenyeji hutumwa, huazimwa vitu, husemwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Rehema alimfuata mumewe aliyehamishiwa Pangani kikazi, mume akafia huko. Basi hapa halipandwi na mtu: eda ya mjane wa Kiislamu asiye na mimba ni miezi 4 na siku 10, na anaikalia nyumbani alimokuwa akiishi na mumewe, kati ya majirani ambao hata majina hajayashika. Nyumba ya tatu wanafiwa. Alfajiri mama mwenye nyumba ya pili anapiga hodi.

"Mwanangu, sahani zako unazo ngapi? Lete zote, na lile sufuria kubwa."

Anazigeuza moja moja, hazina alama. Anachomoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye pindo la khanga, anachuchumaa sakafuni, anatia nukta nyekundu chini ya kila sahani. "Zangu zina kijani. Zako zikija kupotea kule usinililie mie."

Rehema hatoki, yuko eda. Sahani zake zinakwenda msibani. Mwandishi akifika hapa aache, aende sura nyingine. Wengi wanaliandika tukio vizuri kabisa, halafu wanalimwagia aya nzima ya machozi kutueleza kwamba sasa Rehema amepata familia mpya. Aya hiyo huwa naikata, na simu za lawama huwa napokea.

Waandishi wengi wanaiona eda kama kizuizi, wanairuka kwa "baada ya miezi kadhaa". Mimi naiona zawadi. Suratul Baqara, aya ya 235, inamruhusu mwanamume kumdokezea mjane aliye edani kwamba ana nia, ila inakataza kuwekeana ahadi za siri na kufunga ndoa kabla muda haujatimia. Wafasiri wanatoa mfano wa kidokezo: mtu kusema tu kwamba anatamani kuoa, au kwamba anatafuta mke mwema. Sasa mpe fundi mashua sentensi hiyo, aiseme kibarazani akiongea na mtu mwingine kabisa, kwa sauti iliyozidi kidogo. Rehema yuko ndani anapeta mchele. Una miezi minne ya mapenzi ambayo hakuna aliyemshika mwenzake mkono, na mtaa mzima unahesabu siku. Ukiiruka, umejinyima riwaya.

Kama wahusika wako hawafuati mkondo huo, usidhani majirani wametoka kwenye hadithi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi, kwa namna iliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na sifa hiyo nani anaijua? Ni haohao wa kibarazani. Sijapokea bado mswada uliomtumia mama wa rangi ya kucha kama shahidi mahakamani, na ninausubiri kwa hamu.

Umbeya, kwa hiyo, usiufanye kichekesho cha kupumzishia msomaji. Ndio unaosukuma hadithi. Ukitaka mahali pa kuuweka, mji wa Pangani uko ukingo mmoja wa mto na Bweni ukingo wa pili, na kivuko kimezoea kubeba wote pamoja: mwalimu, bodaboda, mikungu ya ndizi, na fundi mashua aliyenunua khanga mpya ilhali hana dada wala mama mjini. Pale katikati ya maji hakuna pa kujificha, na jina la mnunuzi hutia nanga kabla ya chombo. Ila angalia hadithi yako ni ya mwaka gani, maana barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo inakuja na daraja lake juu ya mto huo. Wapenzi wa darajani wanapitana kwa pikipiki, kofia ngumu kichwani, na ile khanga itabidi umtafutie fundi njia nyingine ya kuumbuka nayo.